Mshale wa Mvuke

Algiers, 9 Januari 1984

Mjomba Miloud mpendwa,

Amani iwe juu yako na juu ya wote waliomo nyumbani, tukianzia na Bibi Kheira, ambaye nasikia anakohoa na bado anakataa kuvaa soksi. Mwambie mjukuu wake amesema avae. Mama mwambie goti lake nalikumbuka kila nikipanda ngazi za nyumba hii. Lalla Zhor, mjane aliyenipangisha chumba, anakaa ghorofa ya nne, na mimi ndiye miguu yake: mkate mimi, maziwa mimi, dawa ya macho mimi. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye wino.

Sasa habari yenyewe, ambayo nimeibana mpaka mkono unaniwasha. Jedwali jipya la tanuri lenu nimeliandika mimi! Si kunakili, Mjomba. Nimelipigia hesabu mwenyewe, mistari ishirini na miwili.

Wewe unajua kuliko mimi jinsi kiwanda chenu kilivyo. Wamarekani walikijenga, wakaacha kila kipimo kinahesabu pauni-moli kwa saa. Sasa amri imetoka kwamba tuhamie kwenye kilo. Kipimo cha gesi kimeshabadilishwa, kinasoma kilomoli kwa saa. Cha mvuke bado ni kile cha zamani, kwa sababu kipya hakijafika, na hakuna anayejua kitafika lini. Kwa hiyo mtu wa zamu atasoma gesi kwa kilomoli, atatazama jedwali langu, nalo litamwambia mshale wa mvuke auweke kwenye pauni-moli ngapi ili mvuke uwe mara tatu ya gesi, usipungue, mabomba yasije yakajaa masizi.

Bwana Amokrane, mkuu wetu, alilipiga mhuri palepale bila hata kulifungua. "Nakuamini," akasema. Nilishuka ngazi za ofisi kama nina miaka kumi. Angalia pembeni chini utaona herufi mbili, H. Z. Ndiyo mimi.

Niandikie wanasemaje. Simu ya kiwandani usinipigie, maana yule wa kuunganisha laini anasikiliza kila kitu kisha anakata.

Mpwa wako,
Houaria


Marsat Zeboudj, 2 Februari 1984

Kwa Mhandisi, binti wa dada yangu Setti,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Bibi yako soksi amevaa, ila amezivaa mikononi, anasema miguu haisikii baridi. Goti la mama yako ni lilelile. Fodil wa jirani ameoa, na ngoma ilipigwa siku tatu mpaka mbuzi wetu akaacha kutoa maziwa. Dagaa wamekuwa wengi mwezi huu, tumewala mpaka tumewachukia.

Jedwali limefika, nami mwenyewe nimelibandika ukutani kwenye chumba cha vipimo, nikaweka plastiki juu yake mafuta yasiliguse. Niliwanunulia zamu yangu yote karantita ya moto, ile ya unga wa dengu, na mkate, na Djelloul wa zamu ya mchana alikuja kula ingawa haikuwa saa yake. "Herufi za nani hizi?" akauliza. Nikamwambia, "Za mtu uliyekuwa unambeba mabegani kwenda kuona taa za bandari." Akashika kichwa.

Vijana wapya waliuliza moli ni kitu gani, nikawapa somo langu la miaka yote. Moli ni trei ya mayai. Ukisema trei, idadi inajulikana, yawe ya kuku au ya bata. Tofauti ni kwamba Mmarekani ana trei yake ndogo na sisi tuna yetu kubwa, basi anayehamisha mayai toka trei hii kwenda ile ahesabu vizuri.

Jambo dogo tu. Gesi ikiwa elfu moja, mshale wa mvuke mimi nimezoea kuuona unasimama elfu sita na mia sita na ushee. Jedwali linasema elfu sita kamili. Labda macho yangu yamezeeka. Au ofisini mmeamua kupunguza mvuke? Kama mmeamua, sawa, mna sababu zenu.

Kula vizuri. Picha yako ya chuo imeanguka ukutani, kioo kimepasuka, lakini wewe hukuumia.

Mjomba wako,
Miloud Benaouda


Algiers, 20 Februari 1984

Mjomba mpendwa,

Salamu kwako na kwa Bibi na soksi zake za mikononi, na kwa Mama, na pole kwa mbuzi. Lalla Zhor amenifundisha kupika tambi kwa mvuke, na nimeunguza sufuria yake ya harusi. Hajanisemesha siku mbili.

Hapana, hatujapunguza mvuke. Kanuni ni tatu kwa moja kama siku zote. Gesi elfu moja, mvuke elfu tatu, tunageuza kuwa pauni-moli, tunapata elfu sita. Nimeipiga hesabu hiyo mara mbili. Kipimo chenu kina miaka kumi na minne, na nadhani kimelegea. Mwambie fundi akipime upya.

Nakuomba ufuate jedwali, Mjomba. Hujui hapa watu wanavyonitazama. Kuna mmoja, Reda, kila nikisimama kuchukua faili anauliza kama naenda kupika kahawa. Hili jedwali ndilo jibu langu kwake. Nikisikia kwamba zamu ya mjomba wangu mwenyewe haiifuati karatasi yangu, nitaweka wapi uso?

Samahani kwa ukali.

Houaria


Marsat Zeboudj, 18 Machi 1984

Binti wa dada yangu,

Nimechelewa kujibu, unisamehe. Kalamu niliishika mara nne nikaiweka. Bibi anakusalimu, kikohozi kimeisha, sasa analalamikia sikio. Mama yako ameshona pazia jipya la chumba chako, la kijani, kana kwamba unarudi kesho. Fodil na mkewe tayari wamegombana, na mbuzi ameanza tena kutoa maziwa. Hayo mawili sijui kama yanahusiana.

Kazini tuko salama. Tuna naibu mkurugenzi mpya, Bwana Senouci, mtu wa tai na kalamu nyekundu. Anauliza kwa nini zamu yangu inatumia mvuke mwingi kuliko zamu nyingine. Ameniandikia karatasi ya onyo. Ni ya kwanza tangu niajiriwe, basi nimeiweka pamoja na cheti cha ndoa, vikae pamoja vitu vizito.

Jana nilikuwa nasafisha stoo nikakuta mizani ya babu yako, ile ya dukani, pamoja na mawe yake yote. Unakumbuka ulivyokuwa ukikaa juu ya gunia la dengu? Nikamkumbuka pia yule Mmarekani aliyetufundisha tanuri, Mista Harlan, mrefu, mwenye kucheka peke yake. Alikuja dukani siku moja akataka pauni moja ya lozi. Babu yako akaweka jiwe la ratili, nusu kilo kamili kama sote tunavyojua, akampimia. Mmarekani akazitia kwenye kimizani chake kidogo cha tumbaku, akasema, "Hapana, mzee, umenizidishia." Babu akakasirika. Miaka arobaini anauza, leo aambiwe hajui kupima! Wakabishana mpaka watu wakajaa mlangoni. Mwishowe babu akasema, "Basi kilichozidi ni sadaka, chukua uende."

Sijui kwa nini nimelikumbuka hilo. Uzee.

Tafadhali mnunulie Lalla Zhor sufuria nyingine.

Mjomba wako


Algiers, 5 Aprili 1984

Mjomba,

Salamu kwa wote. Nafupisha salamu kwa sababu nina hasira, na nisingependa imfikie Bibi.

Mama ameniandikia kwamba umeitwa mbele ya Senouci mara ya tatu, kwamba wanasema unaharibu kwa makusudi, na kwamba kuna maneno ya kukupeleka baraza la nidhamu. Na wewe unaniandikia habari za mbuzi na lozi! Umebakiza miezi sita ustaafu. Unataka nini? Unataka wakutoe mlangoni kama mwizi baada ya miaka yote hii, kwa ajili ya mshale kusimama juu kidogo?

Ofisi yetu imepokea barua kutoka kiwandani inayouliza kama jedwali ni sahihi. Imejibiwa.

Sielewi ubishi wako. Kama una neno, sema. Kama huna, ushushe huo mshale kwenye elfu sita, urudi nyumbani, ule chakula chako kwa amani. Sijalala vizuri wiki nzima. Nikiona karatasi ya jedwali mezani naigeuza ichungulie chini, sijui ni kwa nini.

Pazia la kijani ni zuri. Mwambie Mama nimesema ni zuri.

H.


Marsat Zeboudj, 29 Aprili 1984

Mpwa wangu,

Salamu. Bibi mzima, sikio limepona, anatafuta ugonjwa mwingine. Mama yako analia kidogo jioni, kisha anaacha.

Wamenitoa tanurini. Siku hizi niko bohari, nagawa glavu na viatu. Namba arobaini na mbili hazipo, kila mtu ana miguu ya namba arobaini na mbili. Baraza limepangwa tarehe ishirini na saba Mei, na kosa wameliita kukataa agizo la kazi.

Barua ya ofisi yenu Bwana Senouci alinisomea mbele ya wote: "Jedwali ni sahihi. Mhusika alazimishwe kulifuata." Kisha akaniwekea mbele ya macho niione. Mwandiko mzuri. Ile herufi Z yenye mkia, uliianza ukiwa darasa la pili.

Tanuri sasa analo Djelloul, na Djelloul anafuata jedwali. Mchana, wenzangu wakienda kula, mimi hupita pale nikachungulia kwenye tundu la ukutani. Mabomba yamekuwa na mabaka mekundu, safu ya upande wa bahari. Wiki iliyopita yalikuwa mawili, leo nimehesabu matano. Masizi yakikaa ndani ya bomba, bomba halipoi. Nilimwambia Djelloul, "Ongeza mvuke." Akajibu, "Niongeze ili nije tugawane viatu huko bohari? Nina mabinti watano, Miloud." Nikamwambia basi asisimame upande wa bahari. Akacheka, lakini kesho yake nikamwona amehamisha kiti.

Wewe ni mwerevu kuliko sisi sote. Zile lozi nilizokuandikia, zifikirie.

Miloud


Algiers, 8 Mei 1984

Mjomba, sijakusalimu, unisamehe.

Jana Lalla Zhor alinituma lozi za kutengenezea vitamutamu vya Ramadhani. Muuzaji akauliza, "Ngapi?" Nikasema, "Ratili." Akaweka jiwe la nusu kilo. Na mimi, mbele ya mapipa ya zeituni, nikamsikia Mista Harlan akisema umenizidishia. Nikaziacha lozi kaunta. Nilikimbia mpaka ofisini, mlinzi akadhani kuna moto.

Daftari langu ni hili hapa. Ukurasa wa kwanza nimeandika kwa mkono wangu: kilomoli moja ni pauni-moli mbili. Mbili! Nilizidisha kila kitu kwa mbili, mistari yote ishirini na miwili, na niliporudia hesabu nilirudia kwa hiyohiyo mbili. Niliposoma pauni kichwa changu kiliona ratili ya dukani, nusu kilo. Pauni yao si nusu kilo. Ni gramu mia nne hamsini na tatu na ushee. Basi kilomoli moja ni pauni-moli mbili nukta mbili sifuri nne sita, na mvuke wa elfu tatu ni elfu sita mia sita na kumi na nne. Palepale ulipouacha mshale wako. Kila mwenye kulifuata jedwali langu anayanyima mabomba karibu sehemu moja katika kumi ya mvuke wake, na hiyo sehemu ndiyo mabaka yako mekundu.

Nilipiga simu mara sita. Mara mbili niliunganishwa na duka la matairi. Nimepeleka telegramu kwa mkuu wa zamu: ONGEZA MVUKE 6614. JEDWALI LANGU LINA KOSA. HOUARIA ZIANI. Naomba Mungu Djelloul aisome.

Nimemwambia Bwana Amokrane. Alifunga mlango kwanza. Anasema tutatoa toleo la pili baada ya Idi, kimyakimya, tuliite maboresho, na neno kosa lisionekane popote. Nikamuuliza, "Na mjomba wangu?" Akasema, "Mjomba wako alikataa agizo. Agizo likiwa sahihi au si sahihi, kukataa ni kukataa." Kwa maana nyingine wewe ubaki mharibifu ili mhuri wake ubaki safi. Na mimi nibaki mhandisi.

Na ile barua aliyokusomea Senouci, Mjomba. Niliiandika mimi. Niliambiwa inayokaidi ni zamu ya pili, na mkuu wa zamu ya pili namjua ni nani. Nilijua ni wewe nilipoandika neno alazimishwe. Nimekaa na hilo mwezi mzima, siwezi kukaa nalo tena.

Nitakuja tarehe ishirini na saba.

Houaria


Marsat Zeboudj, 17 Mei 1984

Binti wa dada yangu,

Salamu, na salamu tena kwa zile ulizoziruka.

Telegramu ilifika getini saa nne asubuhi. Mlinzi aliisoma kwa sauti, akadhani ni matokeo ya bahati nasibu. Djelloul alikuja nayo mbio mpaka bohari, jasho limemtoka, akaniuliza, "Nifanye?" Nikamwambia, "Unaniuliza mimi muuza viatu?" Kisha nikamshika mkono tukaenda wote. Mshale tuliupandisha taratibu, saa nzima. Tulipochungulia tena, matatu yalikuwa yameanza kufifia. Mabomba mawili yameshakufa, yatakatwa wakizima tanuri. Hakuna aliyeumia. Lisome hilo mara mbili: hakuna aliyeumia.

Sasa nisikilize. Usije. Mimi nimebakiza miezi minne na siku chache. Naweza kugawa glavu miezi minne hata nikiwa nimelala. Wewe una miaka thelathini mbele yako. Bwana Amokrane anajua dunia inavyokwenda, mwache afanye maboresho yake.

Umeniuliza, au hujaniuliza lakini nimesikia: nilijua? Nilijua tangu Februari. Siku ile nilipoona elfu sita kamili nilikaa chini. Ulikuwa na miaka saba juu ya gunia la dengu, na mimi ndiye niliyekuimbisha: ratili mbili kilo, ratili nne kilo mbili. Ulijibu kwa sauti mpaka wateja wakakupa pipi. Sasa mimi nisimame mbele ya watu niseme yule mtoto amekosea? Mdomo ulikataa. Nikaona afadhali mkono uweke mshale mahali pake, mdomo unyamaze.

Usije, Houaria. Bibi pia anasema usije, ingawa hajui ni kuhusu nini.

Mjomba wako anayekupenda


Algiers, 25 Juni 1984

Mjomba,

Natumaini funga haiwashindi, na kwamba Bibi hajaficha tena tende chini ya mto. Mama mwambie nililala chini ya pazia la kijani usiku mmoja tu lakini nililala kama mtu aliyezimwa. Lalla Zhor ananipikia supu ya magharibi mwenyewe sasa, anasema nimekonda.

Tangu baraza hatujaongea. Ulinisindikiza kituoni ukiutazama mzigo wangu badala ya uso wangu. Najua umekasirika kwamba nilikuja. Basi na mimi niseme langu, kwa sababu nimechoka kusoma habari za mbuzi huku nikitafuta neno lililojificha katikati.

Nakumbuka chumba kile chote, feni ile iliyokuwa inalia. Nilisimama na daftari nikasoma ukurasa wa kwanza. Bwana Senouci akavua miwani. "Kwa hiyo mhandisi mzima, mwenye shahada, umepima mvuke wa tanuri kwa ratili ya sokoni?" Watu wakacheka. Nikasema, "Ndiyo." Akauliza, "Na barua ya kwamba jedwali ni sahihi, aliandika nani?" Nikasema, "Mimi." Hapo hakuna aliyecheka.

Ndipo ukasimama wewe. "Hesabu hiyo nilimfundisha mimi." Senouci akakutazama kama mtu aliyeletewa chakula asichoagiza. "Wewe si ndiye uliyelikataa jedwali lake?" Ukasema ndiyo. "Ulijua kosa liko wapi?" Ndiyo. "Na hukumwambia mtu?" Ukatikisa kichwa. Akasema, "Benaouda, utarudi tanurini kesho. Kosa lako ni kufunga mdomo, nalo halimo kwenye kanuni zetu, kwa hiyo siwezi kukuadhibu."

Mimi simo kwenye kanuni zake, kwa hiyo naweza. Mjomba, ulinyamaza, na watu wakakaa miezi mitatu mbele ya mabomba yanayonyimwa mvuke ili mimi nisione aibu. Djelloul na mabinti wake watano! Kama lingepasuka moja, aibu hiyo ningeivaa maisha yangu yote, na ungekuwa umenivisha wewe kwa mapenzi. Nilikosea hesabu, nikaandika neno baya juu yako, hayo ni yangu. Lakini wewe ulinipa lozi wakati nilihitaji kuambiwa, "Houaria, umekosea." Maneno mawili. Usinipende hivyo tena.

Wamenishusha ngazi moja. Reda hajauliza habari za kahawa tangu nirudi, na hilo linanitisha zaidi. Toleo la pili Bwana Amokrane amekubali kwa shingo upande niliandike mimi, kwa sharti kwamba kabla ya mhuri likaguliwe na mtu wa nje ya ofisi. Akauliza nani. Nimemtaja mtu wa tanurini.

Rasimu iko ndani ya bahasha hii. Chini kuna herufi zangu, na kando yake nafasi tupu ya zako. Imekaguliwa na: M. B. Siitaki sahihi ya mjomba. Nataka ya mkuu wa zamu.

Houaria


Marsat Zeboudj, 4 Julai 1984

Houaria, umekosea.

Mstari wa tisa. Gesi mia tisa, mvuke elfu mbili na mia saba, kwa pauni-moli ni elfu tano mia tisa hamsini na mbili. Wewe umeandika elfu tano mia tano tisini na mbili. Umegeuza tarakimu. Nimekaa nayo siku mbili, Djelloul naye akaipiga hesabu mbali na mimi, tukapata kilekile. Mistari mingine ishirini na mmoja iko sawa. Sijatia sahihi. Rekebisha uirudishe, na usiniletee tena rasimu iliyofanywa ukiwa na njaa ya magharibi.

Sasa salamu. Idi njema. Bibi mzima. Mama yako mzima. Mbuzi mzima.

M. B., mkuu wa zamu